Klavie Aliyoichagua Mama

Klavie yetu ya zamani, ile ya kuandikia kwenye kompyuta, ilikufa kwa mvua. Bati la sebule lilikuwa limetoboka juu ya meza ya kompyuta, na kwa sababu tone lilikuwa linaangukia kitambaa tulichofunikia, hakuna aliyeliona mpaka siku nilipokaa kuandika maswali ya mtihani. Nilibonyeza herufi moja, zikatoka nyingi kama zinakimbizana. Nikabonyeza nyingine, kimya. Mume wangu aliigeuza kichwa chini, maji ya kahawia yakamwagikia suruali yake, akasema, "Hii iko marehemu."

Tunakaa Ibanda, hapa Bukavu, katika nyumba ya kupanga, kwenye mteremko. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kompyuta ile, kubwa, ya kukaa mezani, mume wangu alipewa ofisini kwake walipobadilisha vifaa, na ndiyo ninayotumia kuandika maswali na kujaza pointi za wanafunzi. Kwa hiyo nilijua ninachotafuta. Nilitaka klavie nzima, ile ndefu yenye namba zake upande wa kulia, kwa maana ukijaza pointi za darasa zima kwa namba za mstari wa juu utachanganyikiwa kabla hujafika katikati. Tena nilitaka ya waya. Zile zisizo na waya zinakula betri, na betri zinazouzwa huku zinakufa hata hujazizoea. Na kile kidude chake cha kuchomeka kwenye kompyuta, kidogo kama punje ya haragwe, katika nyumba yetu kisingemaliza wiki.

Nilimwambia mume wangu kwamba Jumamosi nitapanda Nyawera kununua. Mama yangu alikuwa ameketi karibu na dirisha, anachambua maharagwe kwa mkono wa kulia. Aliinua kichwa.

"Tutaenda siye wawili," alisema. "Miye ndiye nitachagua."

Tulitazamana, mimi na mume wangu. Mama hakuwa ametoka nje ya geti tangu tulipomtoa hospitali.

Kwao, yaani kwetu, ni Miti, kwenye barabara ya Kavumu. Huko ndiko alikobaki na shamba baada ya baba kufariki. Msimu wa mvua uliopita aliamka asubuhi mkono wa kushoto umekuwa mzito kama nguo iliyoloa, na mdomo umevutwa upande. Tukamteremsha Bukavu. Mdomo ulirudi mahali pake. Mkono nao ulirudi, lakini uliishia kwenye kiwiko na kifundo. Vidole vilibaki nyuma. Daktari alimpa mpira mdogo wa kuminya kila siku. Mama aliugawia watoto wa jirani jioni ileile. "Miye si mutoto wa kuchezea balo," alisema. Tangu hapo alikaa kwetu akisubiri nguvu za kurudi Miti, ambako dada yetu mkubwa alikuwa analinda nyumba na kulima.

"Maman," nilimwambia, "klavie inachaguliwa namna gani? Klavie ni klavie."

"Mbele wewe uzaliwe, miye nilikuwa naandika na mashini."

Ilikuwa kweli. Alipokuwa msichana masista walimfundisha kupiga chapa, akaandikwa kazi katika ofisi ya kiwanda kimoja cha chai huko milimani, mpaka kiwanda kilipofungwa naye akarudi kwenye jembe. Lakini habari hizo hatukuwa tumezisikia kwa miaka. Nilikaa naye sebuleni jioni ile nikimtazama anavyochambua maharagwe, na swali moja likanikaa kichwani: kwa nini sasa?

Kesho yake nilizungumza kwa simu na kaka yangu mkubwa. Yeye yuko Kamituga, anawauzia wachimbaji wa dhahabu mabuti, makoleo na tochi, na hupiga simu anapopata mtandao mzuri. Nilimsimulia habari ya mama na klavie ili tucheke. Hakucheka.

"Anataka kuandika nini?"

"Sijui, yaya," nilisema, nikimwita kama tunavyowaita wakubwa wetu. "Klavie iko yangu, ya kazi."

"Lakini anachagua yeye."

"Ndiyo."

Nyuma ya sauti yake nilisikia pikipiki zinapita, moja baada ya nyingine. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto, "Sikiliza muzuri. Maman iko kwako. Mashini iko kwako. Siku karatasi ya shamba ya Miti itatoka mu ile nyumba, miye sitauliza nani ameiandika."

Simu ilikatika au aliikata, sijui. Nilibaki nimeishika. Nilitaka kukasirika, na kweli nilikasirika. Nilimweleza mume wangu maneno yote nikitembea huku na huku jikoni. Lakini hasira ilipotulia, lile swali lilikuwa limeota mizizi. Mama alikuwa mjane mwenye shamba zuri karibu na barabara, na watoto watatu. Anajua kuandika kwa mashine. Ghafla anataka kifaa. Kama anataka kuandika jambo juu ya shamba, anamwandikia nani? Na kama ni kwa ajili yangu, mbona haniambii? Na kama si kwa ajili yangu?

Jumamosi tulipanda Nyawera. Mama alivaa kitenge chake cha kwenda misa, akajitanda kingine mabegani, na mkono wa kushoto akauficha humo ndani. Niliona. Nilifikiri ameshika kitu.

Katika duka la kwanza kijana mmoja mchangamfu alitupokea kwa kelele. "Karibuni, bamama! Mupya, ya Ulaya, garanti!" Alituletea klavie ndogo nyeupe isiyo na waya, nyepesi kama sahani ya plastiki. Mama hakuigusa hata. Alisema, "Ya waya. Nzima. Ya Kifaransa." Kwa maana kuna klavie za Kiingereza, ambazo mstari wa juu unaanza kwa Q na W, na kuna za Kifaransa, tulizozizoea sisi, zinazoanza kwa A na Z. Mtu aliyezoea moja akipewa nyingine anaandika kama mlevi.

Kijana alizama nyuma ya rafu, akarudi na nyeusi, ndefu, yenye waya umefungwa vizuri. Mama aliinamia herufi zile kwa muda mrefu. Kisha, kwa ukucha wa kidole gumba cha kulia, akaikwaruza A. Ikabanduka. Ilikuwa karatasi ndogo ya gundi, na chini yake palikuwa na Q.

"Na hii garanti," mama aliuliza, "nayo umeibandika?"

Kijana alianza kucheka, akasema vidole haviangalii karatasi, kwamba watu wote Bukavu wanatumia hivyo. Sisi tulikuwa tumeshafika mlangoni.

Baada ya hapo mama hakumwamini mtu tena. Duka la pili lilikuwa la mwanaume wa makamo, mpole, mwenye miwani, aliyezungumza kwa sauti ya chini. Alituwekea viti. Nilimpenda. Mama aliniegemea sikioni. "Huyu anatupea viti juu ya nini?"

Yule bwana alileta boksi ambalo lilikuwa limefunguliwa. Alieleza bila kuulizwa kwamba huwa anafungua na kujaribu kila klavie kabla ya kuiuza, kwa sababu kiwanda kinakosea. Aliichomeka kwenye kompyuta yake, akamsogezea mama kiti karibu. Mama aliandika kwa mkono wa kulia peke yake. Mkono ule ulipita juu ya vibonye kama unakumbuka njia ya kwenda kisimani. Mimi nilisimama nyuma yake nikistaajabu. Vibonye vilikuwa vinazama vizuri na kurudi. Namba upande wa kulia zilikuwa kubwa, za kusomeka. Waya ulikuwa mrefu na mnene.

"Iko muzuri," nilisema.

"Boksi imefunguliwa," alisema mama.

"Ni miye niliifungua, Maman," alisema yule bwana.

"Na mbele yako?"

Bwana alivua miwani, akaifuta. "Hakuna mbele yangu."

"Tupatie yenye haijafunguliwa."

"Maman, ile sijaijaribu. Acha tuifungue hapa, tuone pamoja."

"Ukiifungua, itakuwa imefunguliwa," alisema mama. Tuliondoka na boksi lililofungwa kwa plastiki yake, lenye picha ya klavie ya Kifaransa juu, A na Z wazi kabisa. Bei tulibishana kidogo tu. Mama alikuwa tayari amechoka, na mkono ule wa kushoto haukutoka kwenye kitenge hata wakati wa kushuka, nilipomwomba anishike.

Nyumbani mume wangu alikata plastiki kwa kisu. Ndani kulikuwa na klavie nzuri, mpya, inayong'aa, yenye harufu ya dukani. Mstari wa juu ulianza kwa Q na W.

Mume wangu aliliangalia boksi, akaiangalia klavie, akaliangalia boksi tena. Kisha akajifanya anakohoa akatoka nje, nikamsikia uani anacheka peke yake. Mama alikaa akiitazama klavie kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Jumatatu baada ya shule nilitaka kwenda peke yangu, mama akakataa. Tukapanda tena. Yule bwana alituona tukiingia na boksi, akajua. Hakusema kwamba alituambia. Alichukua ile tuliyorudisha, akachukua ile aliyokuwa ameifungua, akaichomeka tena mbele yetu, akaandika mstari mmoja ili tuone, akaifunga, akanipa. Alimshukuru mama kwa kurudi.

Njia nzima ya kushuka mama alikuwa anawaza. Tulipofika kwenye geti alisema, "Juu ya nini hakubisha? Mutu mwenye hana kosa anabisha kidogo."

Kuanzia wiki ile mama alianza kuandika. Saa za alasiri, umeme ukiwepo, aliomba tumwachie sebule. Aliomba kwa adabu, kama mgeni, lakini alifunga mlango. Mimi nilikuwa jikoni nikikata mboga za lengalenga au kumenya ndizi, na ukuta kati yetu ni mwembamba. Sauti ilikuja kwa namna moja kila siku: kwanza haraka haraka, tak-tak-tak-tak, kama mvua nyepesi juu ya bati, kisha kimya, kisha tak moja. Kimya kirefu. Tak nyingine.

Nilijiambia kwamba zile za haraka ni maneno ya kawaida, na zile za polepole ni majina. Mtu akiandika jina la mtu atakayempa kitu chake, anasita. Nilihesabu kimoyomoyo urefu wa majina yetu. Najua ilikuwa upuuzi. Lakini ukikaa jikoni na kisu mkononi, na nyuma ya ukuta mama yako anaandika kitu ambacho hataki ukione, akili inafanya kazi yake bila kukuomba ruhusa.

Siku moja niliingia bila kubisha hodi, nikijifanya natafuta sufuria ndogo. Alikizima kioo cha kompyuta kwa kidole, haraka, akanitazama. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari chini ya kitenge.

"Sufuria iko mu sebule sasa?" aliuliza.

Siku nyingine alikwenda misa ya asubuhi na jirani. Niliiwasha kompyuta. Nilitafuta kila mahali ninapojua kutafuta. Nilikuta mitihani yangu, pointi zangu, ripoti za mume wangu. Cha mama hapakuwa na hata neno moja. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mwanamke mzee wa Miti, ambaye miezi michache nyuma hakujua kompyuta inawashwa wapi, anajua kutoacha alama. Nani amemfundisha? Nilimwangalia mume wangu mezani mchana ule, akila ugali wake kwa utulivu, na kwa muda wa tonge moja au mawili nilimshuku hata yeye.

Kaka yangu alipiga simu mara nyingine. Sikumwambia kwamba nimetafuta. Nilimwambia mama anaandika, basi. "Sawa," alisema. "Nakuja."

Alifika Jumapili mchana, mabuti yake yamejaa tope jekundu la barabara ya Mwenga, na mkungu wa ndizi begani. Kaka yangu ni mtu mkubwa, anaijaza sebule. Alimsalimu mama kwa mikono miwili, akamuuliza habari ya presha, ya usingizi, ya chakula. Alikunywa chai yake mpaka mwisho. Mume wangu, ambaye ana akili kuliko sisi wote, alikumbuka ghafla kwamba ana mkutano wa parokia.

Kisha kaka akaiweka bilauri chini. "Maman, banasema unaandika."

"Nani banasema?"

Alinitazama mimi. Mimi niliitazama chai yangu.

"Naandika," alisema mama.

"Unaandika nini?"

"Vidole."

Kaka alingoja neno lingine lifuate. Halikufuata. Akainuka, akakaa mbele ya kompyuta, akaiwasha, na akaanza kutafuta kama nilivyotafuta mimi, tena vizuri kuliko mimi, maana katika biashara yake anatumia. Alifungua mitihani yangu, mmoja mmoja. Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso. Mwisho aligeuka.

"Mumefuta."

"Nani amefuta?" nilisema. "Tafuta muzuri! Si ulikuja kutafuta? Tafuta!"

"Wewe ndiye mwenye kujua mashini. Maman hajui kufuta."

"Maman hajui hata kutunza!" Nililisema kwa hasira, na lilipotoka mdomoni ndipo nilipolielewa. Hajui kuhifadhi. Hakuna aliyemfundisha kuhifadhi. Kila alasiri alikuwa anaandika, anafunga, na yote yanapotea. Hakuwa amejifunza kuficha, hakuwa amejifunza kitu chochote.

Mama alisimama. "Toka pale," alimwambia kaka. "Kaa kule, pamoja na dada yako. Muangalie."

Aliketi mbele ya klavie. Alikitoa kitenge mabegani akakikunja. Kisha kwa mkono wa kulia akaushika ule wa kushoto, akauinua, akauweka juu ya vibonye, na akavipanga vidole kimoja kimoja mahali pake, kwa uangalifu, kama unavyomlaza mtoto usitake aamke. Nilikuwa sijauona mkono ule vizuri kwa wiki nyingi. Ulikuwa umekonda. Kidole kidogo kilikuwa kimejikunja kama mkia.

"Masista balikuwa banatufundisha hivi," alisema. "Kulia: j, k, l, m."

Mkono wa kulia ukaandika. Mvua nyepesi juu ya bati. Jklm jklm jklm, mstari mzima.

"Kushoto: q, s, d, f."

Hapo pakawa kimya. F ikatokea. D ikatokea. S ikachelewa sana, ikatokea. Q haikutokea. Kidole kidogo kililala juu ya kibonye chake bila nguvu ya kukizamisha. Mama alijaribu tena, midomo imebanwa. F. D. S. Alijaribu tena. Sisi wawili tulikuwa tumekaa kwenye kiti kirefu, mimi na kaka yangu, kama wanafunzi waliokamatwa.

"Mulitaka kuona namna gani naandika shamba," alisema bila kugeuka. "Nawaandikia."

Aliandika polepole, na neno likakaa kwenye kioo: *shmb*. Kwenye klavie yetu A iko pembeni kabisa kushoto, juu, na ni kazi ya kidole kilekile kidogo. Hakukisaidia kwa mkono mwingine. Angeweza, hakufanya hivyo.

Kaka yangu alisoma neno lile.

"Pole, Maman," alisema.

Mama aligeuza kiti. "Pale hospitali, ulisimama kwa mulango na dokta. Ulifikiri nimelala. Ulimuuliza, ataweza tena kutia sahihi?"

"Maman..."

"Haukumuuliza kama nitaweza kulima. Haukumuuliza kama nitaweza kujifunga kitenge. Sahihi."

"Ilikuwa juu ya pensheni ya papa!" Kaka alikuwa amesimama sasa, mikono wazi. "Banataka sahihi ya mujane kila mwaka, wewe mwenyewe unajua. Nilisema, kama hawezi, tufanye namna gani? Haki ya Mungu, Maman, ilikuwa juu ya ile."

Mama alimwangalia. "Labda," alisema.

Sijawahi kusikia neno dogo likianguka kwa uzito namna ile.

"Nilijua," aliendelea, "batoto bakiona mukono imekufa, batagawanya shamba niko hai. Ndiyo maana nikasema, mukono itapona mbele baione. Mupira ya dokta ni ya kuchezea. Lakini vidole vyangu vilikuwa na kazi zamani, nikasema nitavirudisha ku kazi yao." Kisha akanigeukia mimi, na nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba mimi nimepona. "Na wewe, kila siku nilikuwa nasikia kisu kwenye ubao. Nikianza kuandika, kisu inasimama. Nikiacha, kisu inaanza. Nilisema, huyu naye anangoja nini?"

Nilikwenda jikoni kuongeza chai ambayo hakuna aliyeitaka.

Kaka alilala kwetu, na asubuhi alimwachia mama dawa za presha alizozinunua mwenyewe, akaondoka. Habari ile ya pensheni nilifikiri sana kuihakikisha. Kuna ofisi ya kuuliza. Iko njiani ninapokwenda shuleni. Nilipita mbele yake mara nyingi. Sikuingia. Nadhani niliogopa majibu yote mawili.

Baada ya siku ile mama aliandika mlango ukiwa wazi. Nilimfundisha kuhifadhi, akasema haina haja, nani atasoma vidole vya mtu. Mwalimu mwenzangu mmoja alipokuja nyumbani alimkuta anaandika mistari ya s na d akadhani mama amechanganyikiwa, nikamwacha adhani hivyo. Q ilianza kutokea siku moja, kisha ikapotea, kisha ikarudi. A ilichukua muda zaidi. Ilipotokea mara ya kwanza aliita nyumba nzima, tukaja kuitazama, herufi moja, na mume wangu akasema kwa sauti nzito kwamba ni A nzuri kuliko zote alizowahi kuona. Mama alimtazama kwa upande, kuona kama anamcheka.

Mvua za kupanda zilipokaribia, alisema anarudi Miti. Alituita wote watatu, na akamwambia dada yetu mkubwa awaite majirani wa pande zote za shamba. Hapakuwa na karatasi yoyote. Aliufuata mpaka wa shamba kwa miguu yake, sisi nyuma yake na majirani nyuma yetu, na kila alipofika alisimama akasema kwa sauti ya kusikika. Kutoka hapa mpaka kwenye mfereji, ya kaka yenu. Nyumba na migomba, ya dada yenu mukubwa. Ukanda wa juu, wenye mikalitusi, ya huyu mudogo. "Lakini hakuna anayegusa mbele nikufe," alisema, "na mwenye ataleta karatasi yenye sahihi yangu, museme ni ya uongo."

Majirani waliitikia. Dada yangu alilia kidogo. Mimi niliutazama ule ukanda wa juu. Miti yake ni mizuri, lakini kuna mawe, na uko mbali na barabara. Sehemu ya kaka ni ya chini, tambarare, kando ya maji. Nilijiambia kwamba yeye ni mkubwa, kwamba ndivyo inavyokuwa, kwamba mama anajua anachofanya. Nilijiambia hivyo mara kadhaa.

Tulirudi nyumbani kwenye kijia chembamba kati ya maharagwe. Kaka alikuwa mbele na mama, amembebea mfuko wake, amemshika ule mkono wa kushoto ili asiteleze. Aliinama karibu na sikio lake akasema jambo, na mama akatikisa kichwa, sikuona vizuri kama ni kukubali au kukataa. Niliongeza mwendo ili nisikie.